Mwanafunzi Katika Mji wa Ugenini

Sisi wa Bondeni twajua kuchanga pesa ili kijana aende ng'ambo kusoma. Lakini je, twajua yanayompata akishafika?

Safari hizi si mpya. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda New York, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake. Mwaka 1960 Wangari Maathai, aliyekaa utotoni shambani karibu na Nakuru, alifuata njia hiyo.

Mji mkubwa una desturi zake. London, mwezi wa Desemba, jua huzama yapata saa kumi jioni. Jirani hapigi hodi. Si chuki, ndivyo waishivyo. Ila mgeni hujiona ametupwa. Naye huona haya kutuambia, kwa kuwa anamkumbuka ng'ombe aliyeuzwa. Hivyo hunyamaza, nasi twadhani ametusahau.

Basi tufanyeje? Kwanza, tumpigie simu, tukikumbuka kwamba majira ya baridi saa yetu hutangulia ya London kwa saa tatu. Pili, tusianze kwa kuomba pesa. Tumwulize amekula nini, na amekula na nani. Tatu, tumshauri asijifungie chumbani, bali atafute wenzake chuoni na kanisani.

Danieli naye alisomeshwa Babeli, mji wa ugenini, lakini alikuwa na rafiki watatu. Kijana wetu asikose hata mmoja.

Bwana awe nanyi nyote.