Tafakuri Kwenye Somo la Kiingereza: Kweli au Si Kweli?

Mwalimu wa Kiingereza akiandika ubaoni kwamba leo kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu jambo lililombadilisha, darasa zima hunyamaza. Si kwamba hawana la kusema. Kengele ya mapumziko ikilia, hao hao hawafungi mdomo. Wanachoogopa ni kanuni walizorithi kwa kaka na dada waliowatangulia: tafakuri inaandikwaje, kwa maneno gani, na mwalimu anataka kusikia nini. Tumechukua madai manane yanayozunguka katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya, tukayapima moja baada ya jingine.

Dai la 1: Kutafakari ni kusimulia yaliyotokea, mwanzo hadi mwisho

SI KWELI. Kusimulia ni nusu ya kazi. Tuseme mwanafunzi wa kidato cha pili alikwenda kwa bibi yake likizo ya Juni. Ukurasa wake wa kwanza utasema alipanda basi, akafika jioni, akapokewa vizuri, wakala wali kwa kuku, akachota maji, likizo ikaisha, akafurahi sana. Hakuna kosa hapo. Lakini pia hakuna sentensi ambayo mwenzake wa dawati la pili asingeweza kuiandika.

Sasa mwambie achague dakika tano tu za likizo ile. Anakumbuka kwamba bibi alirudi kutoka zahanati na boksi la dawa ya presha, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani yake na kumpa amsomee, maana mjukuu yuko sekondari. Akaisoma kwa sauti, kwa matamshi ya kupendeza, kutoka juu hadi chini. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Haya, mume wangu, imesema nini?” Mjukuu akabaki anaitazama karatasi. Maneno yote alikuwa ameyatamka, na maana hakuambulia.

Tafakuri inaanzia hapo. Kwa nini shuleni nahesabiwa miongoni mwa wanaojua? Tangu lini nimekuwa nikisoma ili nisikike, badala ya kusoma ili nielewe? Niliporudi shuleni, nilibadilisha nini? Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey, katika kitabu chake How We Think cha mwaka 1910, aliyatenga mawazo yanayojipitia tu kichwani na fikra inayochunguza: naamini hivi, kwa msingi gani, na imani hiyo inanifikisha wapi? Mwanafunzi anayejiuliza maswali ya namna hiyo mbele ya karatasi ya dawa tayari anatafakari, hata kama Kiingereza chake ni cha kuombea maji.

Dai la 2: Ukitaka kuandika Kiingereza, lazima ufikiri kwa Kiingereza

SI KWELI. Dai hili lina historia ndefu. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili, halafu akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kufundishia hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kenya nako, Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, jinsi watoto wa enzi yake walivyochapwa au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni wakikutwa wanazungumza Kikuyu shuleni. Kutokana na mazoea ya aina hiyo, wengi wamekua wakiamini kwamba lugha ya nyumbani ni kikwazo cha kuachwa getini.

Utafiti unasema vingine. Mwaka 1990 Alexander Friedlander alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya na wanafunzi Wachina waliokuwa wakisoma Marekani. Walipotakiwa kuandika kwa Kiingereza kuhusu jambo walilolijua kwa Kichina, waliopanga hoja zao kwa Kichina kwanza walitoa mipango bora zaidi na maandishi bora zaidi. Jambo lililokupata kwa lugha fulani hukumbukwa vizuri kwa lugha hiyo.

Kwa hiyo mjukuu wetu na aandike orodha yake kwa Kiswahili, au Kisukuma, au Kiluo: nani alikuwepo, bibi alisema nini, mikono yake ilifanya nini. Akishakuwa na vitu hivyo mkononi, achague sentensi fupi za Kiingereza za kuvibebea. Asitafsiri orodha nzima neno kwa neno. Aandike upya.

Dai la 3: Maneno magumu huongeza alama

SI KWELI. Karibu kila shule ina daftari lake linalopitishwa kutoka bweni hadi bweni, limejaa misamiati mizito na aya za kufungulia insha. Jua linachomoza kwa madaha, ndege wanaimba matawini, umande unametameta kwenye majani. Matokeo yake, mwanafunzi wa Lindi na mwanafunzi wa Kisumu wanaamka asubuhi moja, chini ya jua moja, wakisikiliza ndege wale wale. Msahihishaji aliyekwisha kupitia madaftari thelathini huigundua aya ya kukariri kabla hajafika nukta ya kwanza.

George Orwell, mmoja wa waandishi wa Kiingereza wanaosifiwa zaidi kwa uwazi, alishauri mwaka 1946 kwamba pale neno fupi linapotosha, lile refu liachwe. Kama Mwingereza mwenye lugha yake alijiwekea sharti hilo, kijana wa kidato cha tatu hana deni la kutema ung'eng'e asioumudu. Neno gumu lina mahali pake, likiwa ndilo neno sahihi na wewe unalijua kama unavyoijua njia ya nyumbani kwenu.

Dai la 4: Kwenye tafakuri, sarufi haihesabiwi

KWELI KWA RASIMU, SI KWELI KWA NAKALA SAFI. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, katika Writing Without Teachers ya mwaka 1973, aliwapa wanaoanza zoezi jepesi: andika dakika kama kumi bila kusimama, bila kufuta, bila kurudi nyuma kusahihisha. Mtu anayehofia kila kiambishi hafiki kwenye wazo. Basi rasimu ya kwanza iache ichafuke.

Baada ya hapo kazi inageuka. Wengi hudhani shajara ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyejificha na familia yake Amsterdam wakati wa vita, ilitoka moyoni ikaenda moja kwa moja kiwandani. Sivyo. Machi 1944 alimsikia redioni, kutoka London, waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni akiwahimiza raia watunze shajara na barua za wakati wa vita. Miezi michache iliyofuata alikaa akiandika upya kurasa zake: akipunguza, akiongeza, akipanga upya. Alikuwa na miaka 14 alipoanza kujihariri hivyo.

Mwanafunzi wetu anaweza kuisoma nakala yake mara mbili. Mara ya kwanza aangalie kama mtu asiyemjua bibi ataelewa kilichotokea. Mara ya pili aangalie mambo yanayowaponyoka wazungumzaji wengi wa Kiswahili: vitenzi vinavyoruka kutoka wakati uliopita kwenda uliopo, na viwakilishi vinavyomfanya bibi awe mwanamume kwenye mstari mmoja na mwanamke kwenye unaofuata.

Dai la 5: Tafakuri nzuri lazima ihuzunishe

SI KWELI. Wanafunzi wakiona kwamba kisa cha msiba kilimpatia mwenzao alama 18, juma linalofuata darasa zima lina misiba. Shangazi ambao hawajawahi kuugua wanazikwa.

Turudi kwa Anne Frank huyo huyo. Juni 1942, siku chache baada ya kutimiza miaka 13, aliandika jinsi mwalimu wake wa hisabati alivyochoshwa na kelele zake akampa adhabu ya kuandika insha kuhusu mtu mwenye domo. Binti akajitetea kwenye karatasi kwamba mama yake naye ni msemaji, na tabia ya kurithi haina dawa. Mwalimu akacheka, kisha akampa insha ya pili, na ya tatu. Ile ya tatu Anne aliifanya shairi, akisaidiwa na rafiki yake. Mwalimu akaupokea utani, akalisoma shairi mbele ya darasa, na tangu hapo Anne akaruhusiwa kuongea. Ndani ya kichekesho hicho mna msichana anayejitazama, anayekubali tabia yake na kuitafutia sababu. Hiyo ni tafakuri kamili, na hakuna aliyelia.

Dai la 6: Mwalimu akiomba tafakuri, una wajibu wa kumwaga siri zako

SI KWELI. Kuanzia mwaka 1994, mwalimu wa Kiingereza Erin Gruwell aliwafundisha katika shule ya sekondari ya Wilson huko Long Beach, California, vijana waliokulia kwenye mitaa ya magenge na bunduki. Waliisoma shajara ya Anne Frank, wakaanza kuandika za kwao. Mwaka 1999 maandishi ya wanafunzi 150 yalitoka kama kitabu, The Freedom Writers Diary, na mwaka 2007 yakatengenezewa filamu. Kitabuni, visa vyao vimetambulishwa kwa namba badala ya majina. Darasa lililosifiwa dunia nzima kwa uwazi lilijiwekea pazia.

Mwanafunzi ana haki ya kuchagua mlango upi aufungue. Kama kuna jambo hataki lisomwe kwa sauti, aandike juu ya karatasi kwamba ni la mwalimu peke yake; kama hataki hata mwalimu alijue, achague jambo jingine. Mwalimu naye atangaze kanuni kabla kalamu hazijaanza: nani atasoma, na kipi hakitabaki siri. Kwa maana kuna siri asiyoruhusiwa kuitunza. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa akijua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya, ni 116.

Dai la 7: Kuandika yanayokusumbua kunasaidia

KWELI, KWA KIASI. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Wengine waliandika mambo ya kawaida. Wengine waliandika tukio lililowaumiza zaidi maishani, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walionana na daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata.

Watu husahau sehemu ya pili ya matokeo yale: mara tu baada ya kuandika, hao hao walijisikia vibaya zaidi. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Daftari la Kiingereza si hospitali. Kijana aliyefiwa au anayedhulumiwa anahitaji mtu wa kumsikiliza, na kipindi cha dakika 40 hakiwezi kushika nafasi hiyo.

Dai la 8: Mtihani hauulizi tafakuri, kwa hiyo ni kupoteza kipindi

NUSU KWELI. Ni kweli hutakutana mara nyingi na swali linalotaka uandike umejifunza nini kuhusu nafsi yako. Lakini tazama karatasi ya tatu ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE nchini Kenya: insha ya ubunifu ina alama 20, na mara nyingi mtahiniwa hutakiwa kutunga kisa kinachothibitisha msemo fulani. Aliyezoea kuchukua tukio dogo na kuuliza lina maana gani hafiki hapo mikono mitupu. Hali ni hiyo hiyo kwenye maswali ya fasihi, ambako alama huenda kwa anayeeleza sababu za mhusika kutenda alivyotenda, na muhtasari wa kitabu haumfikishi mbali.

Wengine siku hizi wanaona akili bandia imeimaliza kazi yenyewe. Programu itakuandikia ukurasa mzuri kuhusu bibi. Haitamjua bibi yako, wala haikuwepo alipouliza karatasi imesema nini.

Hukumu

Katika madai manane, manne hayana ukweli kabisa kuhusu namna ya kuandika, moja limemnyima mwanafunzi haki ya kunyamaza, na matatu yana ukweli wenye masharti. Yale manne yana mzizi mmoja: kudhani kwamba somo la Kiingereza ni jukwaa la kuonyesha Kiingereza. Lugha inashika pale mtu anapokuwa na neno lake la kusema.

Ombi letu ni kwa walimu, ambao wengi wanasahihisha madaftari ya wanafunzi sitini au zaidi kwa kila mkondo. Hamhitaji kupigia mstari kila kosa. Kabla ya kalamu nyekundu kugusa kitenzi, andikeni chini ya ukurasa sentensi moja inayojibu alichosema mwanafunzi. Makosa yake yatasubiri hadi rasimu ya pili.