Popi Amestaafu

Sogeeni karibu na jiko, watoto, maana baridi ya Nyeri mwezi wa Julai haina huruma. Ila angalieni pale pembeni, penye gunia na sweta kuukuu. Msikanyage. Huyo ni Popi, amelala.

Popi alikuja kwangu mwaka jana. Jirani yangu hapa Ruring'u alihamia Nairobi, kwenye ploti wasikoruhusu mbwa. Kila aliyeulizwa alitaka mbwa mchanga, mwenye meno ya kulinda boma. Popi alikuwa na miaka 12. Kimo hakifiki goti langu, mdomo umejaa mvi, macho yameingia ukungu kama ule unaoshuka Nyandarua asubuhi. Methali husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Popi jembe lake alishalilima: kwa miaka yote hiyo jirani alilala usingizi kwa sababu yeye alikuwa macho. Nikamchukua.

Wiki ya kwanza nilikosea. Nilimtafutia mahali pazuri zaidi kila siku: leo mlangoni, kesho chini ya meza, keshokutwa karibu na dirisha. Popi akawa anazunguka usiku kucha, akigonga miguu ya viti, akilia. Nikamwita daktari wa mifugo. Alinieleza kwamba mbwa anapozeeka, macho na masikio huchoka, lakini pua hubaki naye muda mrefu. Asiyeona vizuri huijua nyumba kwa harufu na mazoea: jiko liko huku, maji yako kule. Ukihamisha gunia lake, umemfutia njia zote.

Tangu siku hiyo gunia halijaondoka pale. Maji yako palepale. Chakula ni saa ileile, kidogo asubuhi, kidogo jioni: ugali uliolainishwa kwa supu, kwa kuwa meno yamepungua. Supu yenyewe haina kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Akiumwa viungo simpi vidonge vyangu vya maumivu. Dawa ya mtu inaweza kumdhuru vibaya mbwa mdogo, kwa hiyo namuuliza daktari. Na chanjo ya kichaa cha mbwa anachanjwa kila mwaka, kwa maana uzee hauzuii ugonjwa huo.

Nanyi mkitaka kumshika, msimshtue usingizini. Hasikii vizuri. Gongeni sakafu kwa mguu, polepole, ausikie mtikisiko. Kisha mleteeni mkono aunuse. Akishawajua, mkuneni nyuma ya sikio.

Mnafikiri mimi ndiye wa kwanza kumtunza mnyama mzee huku kwetu chini ya Mlima Kenya? Nendeni Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Pale aliishi Sudan, kifaru mweupe wa kaskazini, dume la mwisho la aina yake duniani. Aliletwa mwaka 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki. Uzee ukamdhoofisha miguu, wala hakuweza tena kuzaa. Walinzi wake hawakumwacha. Walikaa naye usiku na mchana mpaka alipokufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45. Binti yake Najin alistaafu mwaka 2021: wataalamu waliokuwa wakichukua mayai yake ili kunusuru kizazi cha vifaru hao walisema umri umekwenda, basi inatosha. Akabaki palepale, pamoja na Fatu, mtoto wake. Kifaru uzito wake huhesabiwa kwa tani, Popi nambeba kwa mkono mmoja. Wanachohitaji uzeeni ni kilekile: mahali pao, na watu waliowazoea.

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Shosho, Popi atapona lini?" Nikamwambia hataona tena kama zamani. Atalala zaidi, atatembea pole zaidi, na siku moja hataamka. Akanyamaza. Halafu akavua sweta lake, akaliweka juu ya lile kuukuu. Asubuhi tulimkuta Popi ameingiza pua ndani ya mkono wa sweta.

Haya, giza linaingia, nanyi mnangojwa nyumbani. Kabla hamjatoka, rudisheni kile kiti mlipokikuta. Usiku Popi atapita hapo akienda kunywa maji.