Una Shahada ya Fani Nyingine na Sasa Unataka Kuwa Muuguzi: Yafahamu Haya Kabla ya Kulipa

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwenye dawati letu la walaji, lipo moja linaloulizwa na watu wazima wenye kazi zao: walimu, wahasibu, maofisa wa benki, wahitimu wa sheria au wa maendeleo ya jamii. Nalo ni hili: "Nina shahada tayari. Je, naweza kuomba shahada ya uzamili ya uuguzi, nisome miaka miwili, niwe muuguzi?"

Jibu la swali hilo hapa Tanzania ni hapana. Tunalitoa mwanzoni kwa sababu wapo watakaokuambia ndiyo, na jibu lao huambatana na ada ya kujaza fomu.

Mkanganyiko huu una chanzo. Anayetafuta habari za kuhamia uuguzi kwenye intaneti hukutana kwanza na maandishi ya Marekani na Uingereza. Katika nchi hizo zipo programu za uzamili zilizotungwa makusudi kwa ajili ya mtu mwenye shahada ya fani nyingine. Huko Uingereza programu hiyo kwa kawaida huchukua miaka miwili na kumfikisha mwanafunzi kwenye usajili wa uuguzi. Marekani nako vipo vyuo vinavyompokea asiye muuguzi moja kwa moja katika uzamili, na ushindani wa nafasi hizo ni mkali. Mfumo wetu haukujengwa hivyo. Programu za uzamili za uuguzi zinazotolewa nchini, kama zile za Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ni za kumbobeza mtu ambaye ni muuguzi tayari. Hudai shahada ya kwanza ya uuguzi, na shahada ya biashara au ya sheria, hata iwe ya daraja la kwanza, haishiki nafasi yake.

Milango miwili iliyopo

Mlango wa kwanza ni stashahada ya uuguzi na ukunga, inayosomwa kwa miaka mitatu katika vyuo vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo wengi hulifahamu kwa kifupi cha NACTVET. Sifa ya chini ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika mtihani wa kidato cha nne, na miongoni mwa hayo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nguvu.

Mlango wa pili ni shahada ya kwanza ya uuguzi, miaka minne, ikifuatwa na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Udahili wake huongozwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwenye kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu masomo ya sayansi, yakiwemo Kemia na Biolojia, kwa viwango vilivyotajwa katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika. Asiyekuwa na tahasusi hiyo huingia kwa njia ya stashahada ya uuguzi yenye wastani unaotakiwa.

Msomaji atatambua kwamba katika milango yote miwili hatukuitaja shahada uliyonayo. Hapo ndipo wengi hupatwa na mshangao, na si ajabu wakaona uchungu. Mtu amesoma chuo kikuu, amefanya kazi miaka kumi, lakini karatasi inayoamua safari yake mpya ni cheti alichokipata akiwa na miaka kumi na saba. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kuacha kazi, kukopa au kumpigia simu mtu yeyote, ni kukitoa cheti hicho sandukuni na kusoma alama za masomo matatu ya sayansi. Mwenye shahada inayokaribiana na sayansi za afya na anayedhani inaweza kumsaidia, akiulize chuo chenyewe kwa maandishi na apate jibu la maandishi.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Kiswahili na Historia, mwenye umri wa miaka 34, alipata C ya Biolojia, D ya Kemia na F ya Fizikia katika kidato cha nne. Stashahada haimpokei kwa sababu ya F hiyo, na shahada haimpokei kwa sababu kidato cha sita alisoma masomo ya sanaa. Hata hivyo hajafungiwa. Anaweza kujisajili kwa Baraza la Mitihani la Tanzania kama mtahiniwa wa kujitegemea na kuurudia mtihani wa Fizikia. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani hufanyika Novemba, kwa hiyo masomo ya uuguzi hayawezi kuanza kabla ya mwaka unaofuata. Ataanza akiwa na miaka 35, na kama hakukwama popote atahitimu akiwa na 38. Kwa maoni yetu mwaka huo mmoja wa kurudia Fizikia ni matumizi bora ya fedha kuliko chochote atakachouziwa na mtu anayemwahidi "njia ya mkato".

Tumeutaja umri kwa sababu matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida huweka sharti la mwombaji kutozidi miaka 45, isipokuwa kwa aliye mtumishi wa umma tayari. Mtu wa miaka 40 anayeingia shahada ya miaka minne na utarajali wa mwaka mmoja atamaliza akiwa ukingoni mwa sharti hilo. Hospitali binafsi na za mashirika ya dini zina taratibu zao, na wapo wanaofurahia kazi huko. Lakini anayeiwekea matumaini ajira ya serikali na apige hesabu yake ya miaka kabla ya hesabu ya ada.

Ushindani na maana ya sifa ya chini

Sifa ya chini ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni. Haimaanishi kwamba kiti kipo. Kila programu ina idadi ya nafasi iliyoidhinishwa, na idadi hiyo huchapishwa katika mwongozo wa udahili pamoja na sifa zake. Waombaji wenye sifa wanapozidi nafasi, wenye alama za juu hutangulia. Uzoefu wa kazi, barua za wakubwa wa ofisini na maelezo ya kugusa moyo kuhusu mama aliyeuguzwa vizuri havibadilishi mpangilio huo. Tunaona ni vema kulisema hili wazi, maana wapo wanaotoza fedha kwa kazi ya kuwaandikia watu "barua ya nia", na barua hiyo katika udahili wa uuguzi nchini haina pa kuwekwa.

Maombi ya stashahada za afya kwa vyuo vya Tanzania Bara hupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET. Maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo kikuu unachokitaka, na mtu anaweza kuomba zaidi ya chuo kimoja. Akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, hana budi kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa. Nywila ya akaunti ya maombi iwe mikononi mwako. Ukimwachia mtu wa stesheneri au wakala afungue akaunti kwa simu yake, ujumbe wa uthibitisho utakwenda kwake, naye ndiye atakayekuwa na uwezo wa kukuamulia chuo.

Jambo dogo linalowakwamisha watu wazima kuliko vijana ni majina. Aliyeolewa akabadili jina, au ambaye kitambulisho chake cha taifa kina herufi tofauti na cheti cha kidato cha nne, alishughulikie hilo miezi kadhaa kabla ya dirisha kufunguliwa, kwa hati ya kubadili jina au kwa kusahihisha kumbukumbu. Mifumo husoma namba ya mtihani na jina lililo kwenye cheti.

Chuo kimesajiliwa, lakini kwa kozi ipi?

Hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na bado kisiwe na ithibati ya kufundisha uuguzi. Kimesajiliwa kwa famasia au utabibu, kisha kinaanza kupokea wanafunzi wa uuguzi kikisema kibali "kiko njiani". Mwanafunzi hulipa, huvaa sare, huhudhuria. Mwishoni hugundua kwamba matokeo yake hayatambuliwi.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeliweka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kuwa ndilo linalosajili na kutoa leseni. Bila usajili na leseni ya Baraza hilo hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi, awe na cheti kizuri kiasi gani, na mhitimu hupimwa kwa mtihani kabla ya kupewa leseni. Kwa hiyo uliza mambo mawili, na uyaulize kwa taasisi zenyewe: je, kozi hii, katika chuo hiki na kampasi hii, imo katika mwongozo wa mwaka huu wa NACTVET au wa Tume ya Vyuo Vikuu? Na je, Baraza la Uuguzi na Ukunga linawapokea wahitimu wake kwenye mtihani wa leseni? Bango la barabarani haliwezi kukujibu, na nakala ya cheti cha usajili iliyotundikwa ukutani mwa ofisi ya mkuu wa chuo haitoshi pia, maana huenda ni ya kozi nyingine.

Malipo yafanywe kwa chuo, si kwa mtu. Chuo cha serikali hutoa kumbukumbu namba ya malipo, nayo hulipiwa benki au kwa simu na jina la taasisi huonekana kabla hujathibitisha. Chuo binafsi kiwe na akaunti ya benki yenye jina la chuo. Anayetaka fedha ziingie kwenye namba yake binafsi ya simu "ili nafasi isipotee" hana nafasi ya kuuza.

Fedha na mwajiri

Ada iliyochapishwa katika mwongozo si gharama yote. Omba chuo kikupe kwa maandishi mchanganuo wa miaka yote: sare, vifaa, bima ya afya, mitihani, malazi, na hasa gharama za mafunzo ya vitendo, kwa kuwa hospitali ya mazoezi huenda iko wilaya nyingine na nauli haimo katika ada. Uliza pia utaratibu wa kurudishiwa fedha ukiahirisha masomo. Usijenge bajeti yako juu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kabla ya kusoma masharti ya mwaka huo neno kwa neno. Na kama bado unadaiwa mkopo wa shahada ya kwanza, kuacha kazi hakulifuti deni hilo.

Mtumishi wa umma ana jambo la ziada. Anahitaji ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wake, na anapaswa kuuliza mapema kama atakubaliwa kubadilishwa kada atakapohitimu. Aliyeondoka bila ruhusa huweza kurudi na stashahada mkononi akakuta ajira yake ya zamani imekwisha.

Ukiamua kwenda nje

Zile programu za uzamili za ng'ambo zipo kweli, na anayezimudu anaweza kuziomba. Tunamshauri aanze na hatua mbili. Aiulize Tume ya Vyuo Vikuu kuhusu utambuzi wa chuo husika na cheti cha kutokuwa na pingamizi kinachotolewa kwa wanaokwenda kusoma nje. Kisha alipelekee Baraza la Uuguzi na Ukunga mtaala wa programu hiyo, akiuliza kwa barua kama mhitimu wake ataweza kusajiliwa hapa. Wakala anayesema hatua hizo hazina haja ana maslahi katika jibu lake.

Aliyekwisha kulipa na kugundua kwamba alidanganywa asitupe kitu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, lakini malalamiko hupimwa kwa ushahidi: risiti, ujumbe wa muamala, tangazo lililomvuta, mazungumzo ya simu yaliyoandikwa. Tengeneza nakala mbili. Moja uiambatanishe na barua ya malalamiko kwa taasisi inayosimamia chuo hicho, nyingine uilete kwetu ikiwa na tarehe za kila malipo na jina la aliyepokea. Pale fedha zilipochukuliwa na mtu asiye na chuo chochote, toa taarifa polisi kwanza, upate namba ya jalada, ndipo uje.