Watoto Hawangoji Hundi ya Miwa

Chakula cha kila siku katika nyumba ya mkulima mwenye kazi nyingi

Ndugu mkulima, wewe uliye na shamba katika skimu za Muhoroni, Songhor, Tamu na Koru, na wewe ulimaye mpunga Ahero au West Kano, ukurasa huu ni wako na wa mwenzako wa nyumbani pia. Baba asiupitishe kwa mama akisema kwamba mambo ya jikoni hayamhusu. Chakula cha jioni huanza shambani, na huanza miezi mingi kabla ya moto kuwashwa.

Mashamba mengi ya skimu yalianza kugawanywa mwaka wa 1962, ulipoanza mpango wa ekari milioni moja wa kuwapa wananchi ardhi iliyokuwa mikononi mwa walowezi. Kiwanda cha sukari cha Muhoroni kilianza kazi mwaka wa 1966, na cha Chemelil mwaka wa 1968, na miwa ikawa zao la fedha katika sehemu kubwa ya bonde la Nyando. Zao hilo limelipa karo za watoto wengi na kuezeka nyumba nyingi kwa mabati.

Lakini miwa ina tabia moja ambayo kila mkulima aijua. Hukaa shambani miezi 18 hadi 24 hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na hata ikikatwa, fedha haziji siku hiyo. Mtoto naye hula mara tatu kila siku. Hesabu miezi 18 tu: ni siku zaidi ya 540, na milo zaidi ya 1,600. Hakuna mtoto awezaye kungoja hundi kwa milo 1,600.

Twajua yanayotokea katika nyumba nyingi wakati wa palizi. Baba na mama wako shambani tangu alfajiri. Wakirudi, jua limetua, kuni ni mbichi, na hapana nguvu ya kupika. Basi husongwa ugali, na kitoweo ni chai ya rangi au sukuma wiki iliyochemshwa kwa chumvi. Watoto hushiba na kulala. Lakini shibe peke yake si afya. Ugali hutia nguvu, ila haujengi mwili wala haulindi na magonjwa. Mtoto anayekula hivyo mwezi baada ya mwezi hubaki mfupi, huugua mara kwa mara, na darasani husinzia. Akiwa bado mdogo sana, hasara hiyo ni vigumu kuirudisha baadaye, hata hundi ikiwa nono.

Dawa si kumwambia mama apike kwa muda mrefu zaidi. Muda huo hana. Dawa ni kuitanguliza kazi, ili jioni ibaki kazi ya nusu saa tu. Soma jinsi ya kufanya.

ROBO EKARI YA NYUMBANI

Kwanza, usipande miwa mpaka mlangoni. Tenga angalau robo ekari karibu na nyumba, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapoweza kufika, na uiite shamba la chungu. Humo panda mboga za asili: mnavu ambao Waluo huita osuga, mgagani au dek, mrenda au apoth, mchicha, na kunde. Mboga hizi hazihitaji mbolea ya duka. Samadi iliyooza yatosha. Nyingi huanza kuchumwa baada ya majuma 4 hadi 6. Usipande zote siku moja, bali sia mstari mmoja au miwili kila baada ya majuma mawili, upate mboga changa wakati wote.

Wako watu waliodhani kwamba mboga hizi ni magugu au chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha na kufanya utafiti Maseno kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, alizichunguza kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba zina madini na vitamini kwa wingi. Mwaka wa 2010 Umoja wa Afrika ulimtunukia tuzo ya sayansi. Basi usione haya kuziandaa mezani mbele ya mgeni.

Ukingoni mwa shamba hilo panda viazi vitamu, na hasa vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa maana vina vitamini A inayolinda macho ya watoto. Viazi vina faida nyingine kwa mtu mwenye kazi nyingi: huhitaji kuvichimba vyote siku moja. Waweza kuchimba vya siku mbili na kuviacha vingine ardhini.

OMENA KABLA YA APRILI

Pili, fikiria kitoweo cha Ziwa. Mbuta mkubwa huvuliwa, na minofu yake mingi huuzwa ng'ambo. Omena ndiyo samaki wa nyumba ya mkulima. Huliwa nzima, mifupa na yote, kwa hiyo humpa mtoto protini ya kujenga mwili na chokaa ya kuimarisha mifupa na meno. Tena ikiwa imekauka vizuri haihitaji barafu.

Lakini jihadhari na kalenda. Kila mwaka uvuvi wa omena upande wetu wa Ziwa hufungwa kuanzia mwezi wa Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo ni ya mvua za masika na palizi. Yaani wakati ule ule ambapo huna nafasi ya kupika, ndipo omena huadimika sokoni na bei hupanda. Anayengoja mpaka Mei kununua hulipa zaidi kwa kidogo.

Kwa hiyo nunua mwezi wa Machi. Fanya hesabu hii. Jamaa ya watu 6 inayokula omena mara mbili kwa juma, vikombe 2 kila mara, hutumia vikombe 4 kwa juma. Tangu Aprili hadi Julai ni majuma 17 hivi, yaani vikombe 68. Gorogoro moja huchukua vikombe 8 hivi, basi gorogoro 9 zatosha. Ukienda Ahero, au Kibuye mjini Kisumu, chagua omena zinazong'aa, zisizo na harufu mbaya, na zilizoanikwa juu ya nyavu au meza, wala si mchangani. Nyumbani ziweke katika debe lenye kifuniko, mahali pakavu, na kila baada ya majuma mawili zianike tena juani.

Kuzipika ni kazi ya dakika 20. Chukua vikombe 2, uzioshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, au zaidi ikiwa mchanga bado unaonekana. Zikaange kidogo kwa mafuta, utie kitunguu 1 na nyanya 3 zilizokatwa. Nyanya zikilainika, tia maziwa nusu kikombe na chumvi kidogo, uache zichemke kwa moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito.

Neno moja zaidi. Omena nyingi hununuliwa na viwanda vya chakula cha mifugo. Usiuze au kumwagia kuku omena safi, kisha mtoto akala ugali mkavu.

MAHARAGWE YANAYOJIPIKA

Tatu, maharagwe. Nunua au weka akiba wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Wengi huyaacha siku za kazi kwa sababu hula kuni na saa nyingi. Kuna njia.

Usiku, baada ya kula, chagua maharagwe, uyaoshe na kuyaloweka kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, utie mengine, na uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika 30 huku ukitengeneza uji. Usipunguze kazi hii ya kuchemsha. Maharagwe mengine, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu inayoumiza tumbo, na sumu hiyo huondolewa kwa kuchemka sawasawa, si kwa joto dogo.

Kisha tumia kikapu cha kupikia. Chukua kikapu kikubwa, ujaze pande zote na chini nyasi kavu au nguo kuukuu, na uache katikati shimo la kutosha sufuria. Shona mto wa matambara wa kufunika juu. Sufuria ikiwa bado inatokota, iwe na kifuniko na iwe imejaa karibu robo tatu, itie ndani ya kikapu, ufunike kwa mto, uende shambani. Joto halipati njia ya kutoka, na maharagwe huendelea kuiva bila ukuni hata mmoja. Usifunue katikati. Ukirudi mchana utayakuta yamelainika. Ikiwa bado ni magumu kidogo, moto wa muda mfupi utayamaliza. Yale yatakayobaki kwa jioni yachemshe tena kwa dakika 10 kabla ya kula. Chakula kilichoachwa vuguvugu kutwa nzima kisiliwe bila kuchemshwa.

Ukichanganya na mahindi makavu upate nyoyo, loweka vyote viwili usiku, na asubuhi vichemshe saa nzima kabla ya kuvitia kikapuni. Ukitumia jiko la udongo liitwalo Upesi badala ya mafiga matatu, kuni zitapungua tena.

CHUNGU CHA MBOGA

Nne, mboga za jana si mbaya zikitunzwa. Wazee wetu walijua kwamba dek haipendezi siku ya kwanza. Huchemshwa, hutiwa maziwa, na kupashwa moto siku baada ya siku katika chungu, mpaka uchungu upungue na ladha ikolee. Hii ndiyo hazina ya mzazi asiye na nafasi: pika chungu kimoja Jumapili, kitakufikisha Jumanne. Sharti ni moja, kichemke sawasawa asubuhi na jioni, na kifunikwe ili nzi wasiingie.

Mboga nyingine osha kwanza ndipo ukate, usikate ndipo uoshe, maana utamwaga uzuri wake pamoja na maji. Magadi katika mrenda yawe kidogo sana, kwa sababu yakizidi huharibu vitamini. Tia nyanya au kamulia ndimu, mwili upate madini ya chuma yanayoongeza damu. Na chai isinywewe pamoja na mlo, maana huyazuia madini hayo. Ngoja saa moja baada ya kula. Jambo hili ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito.

ASUBUHI NA MTOTO MCHANGA

Watoto wasiende shule na chai tupu. Viazi vitamu vilivyochemshwa jana jioni pamoja na uji wa wimbi au mtama ni chakula kamili cha kuanzia siku, na havimchukui mama dakika 15.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo, aendelee kunyonya huku akipewa uji mzito. Chukua omena zilizooshwa sana mpaka hazina mchanga, zikaushe, zikaange bila mafuta, uzitwange na kuchekecha. Tia kijiko kimoja cha unga huo katika kikombe cha uji na uuchemshe. Mwachie maagizo haya bibi au dada anayebaki na mtoto, wala usiseme kwamba uji mtupu unatosha kwa sababu mtoto halii.

KAZI YA BABA

Mzee wa nyumba, una sehemu yako, na si ndogo. Ni wewe mara nyingi unayeamua miwa itapandwa wapi. Basi robo ekari ile ipimeni pamoja, na isiguswe hata bei ya miwa ikipanda. Siku hundi inapokuja, kabla hujapita mahali pengine popote, nunua akiba ya maharagwe na omena. Kuchagua maharagwe usiku mkizungumza si kazi ya kumvunjia mtu heshima. Mtoto wa miaka 10, mvulana kwa msichana, aweza kuchambua mboga na kuchota maji ya kulowekea.

Anzeni kwa juma moja. Jumapili pikeni chungu cha dek na kuchimba viazi. Jumatatu na Jumanne mle dek na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo. Jumanne usiku lowekeni maharagwe, Jumatano yaingie kikapuni. Alhamisi iwe siku ya omena na osuga. Ijumaa nyoyo, Jumamosi omena tena na mrenda au kunde. Kama kuku wametaga, mayai wapewe watoto kwanza kabla hayajapelekwa sokoni.

Akiba haiozi. Miwa itaiva kwa wakati wake, na mpunga vilevile. Nendeni jioni ya leo nyuma ya nyumba, mpime hatua za robo ekari, mpigilie vigingi vinne, na kesho mlete samadi.