Disney na mtoto mchanga: pesa zinaliwa wapi?

Langoni mwa Walt Disney World, huko Florida, mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 halipiwi senti. Akishatimiza, tiketi yake inapungua dola chache tu kwenye bei ya mtu mzima, nayo hiyo, kwa tiketi ya siku moja, haishuki chini ya dola 100. Msimu wa Krismasi huwa karibu 200 au hata zaidi. Kwenye ndege za ndani ya Marekani, asiyetimiza miaka 2 anapakatwa bure. Kwa hiyo familia ya Houston au Columbus, kama imeshaamua kwenda, afadhali iende kabla mtoto hajafikisha miaka 2. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam hesabu yake ni nyingine: kichanga naye anatakiwa awe na pasipoti yake na viza yake, ambayo ada yake ya maombi ni dola 185 zisizorudishwa, na ndegeni kwa kawaida atalipiwa kama asilimia 10 ya nauli hata akikaa mapajani.

Mkishafika, anayegharimu ni mtu mzima atakayebaki na mtoto wakati wenzake wanapanda michezo ya bustani.

Njia ya kwanza ni ya bure, na wengi hawaiulizii. Treni ya kasi ya Space Mountain, kwa mfano, haimpokei aliye chini ya sentimita 112. Mnakwenda wote hadi mlangoni, mnamwambia mhudumu mnataka Rider Switch. Baba anapanga foleni, mama anabaki na mtoto. Baba akitoka, mama anapanda bila kuanza foleni ya kawaida upya. Mtoto mkubwa wa familia huenda akaambulia kupanda mara mbili. Bustani jirani za Universal Orlando nazo zina utaratibu kama huo. Ubaya wake ni mmoja: wazazi hawapandi pamoja.

Wakitaka kuwa pamoja, itabidi watafute yaya wa kuja hotelini. Mawakala wengi huweka kiwango cha chini, mara nyingi saa 4. Ukiambiwa dola 25 kwa saa, hiyo ni 100 kabla ya nauli yake na bakshishi, na mtoto wa pili huongeza bei. Kabla hujalipa, uliza kama rekodi zake za polisi zimekaguliwa, kama ana mafunzo ya huduma ya kwanza kwa vichanga, na mkighairi mnarudishiwa kiasi gani. Kwa anayenyonyesha kuna jambo zito kuliko bei: mtoto awe ameshazoea chupa nyumbani. Akiikataa kwa mgeni, katika chumba kigeni, mtaitwa chakula cha jioni kikiwa bado mezani. Binafsi ningelipia yaya jioni moja tu.

Wapo wanaomchukua bibi. Tiketi yake ya siku moja inalingana na yaya wa jioni nzima, tena bibi anajua wimbo wa kumlaza mjukuu. Lakini kumkalisha kwenye benchi katika jua la Julai, akilinda mabegi huku wengine wanacheza, ni kumwonea. Akija, naye apangiwe yake: safari ya mashua ya “it's a small world” haina kikomo cha kimo, bibi na mjukuu wanapanda pamoja. Siku asiyojisikia kutoka, abaki hotelini bila kununuliwa tiketi.

Mengine ni madogo, ila yakijumlishwa yanauma. Vigari vya watoto vya kukodi bustanini, kama dola 15 kwa siku, ni vya plastiki ngumu na viti vyake havilali; havimfai mtoto asiyekaa mwenyewe, wala havitoki nje ya bustani. Bebeni cha kwenu. Mashirika mengi ya ndege hayakitozi. Kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na mikokoteni ya kuvuta hairuhusiwi. Chakula cha mtoto mnaruhusiwa kuingia nacho, hata cha chupa za kioo ambazo kwa wengine zimekatazwa. Kila moja ya bustani nne za Disney World ina kituo cha vichanga chenye vyumba vya kunyonyeshea, viti virefu vya kulishia na maikrowevu. Nepi na maziwa ya kopo vinauzwa humo humo, lakini pakiti nzima inunuliwe dukani mjini kabla ya kwenda.