Mtoto Chini ya Taa ya Bluu

"Mwanangu wa siku tatu yuko chini ya taa kwa sababu ya umanjano. Amefungwa macho, amevaa nepi tu, analia. Nikimtoa nimnyonyeshe, si nitaharibu tiba?" ameuliza msomaji.

Mtoe. Ila sababu ni tamu kuliko jibu.

Habari za mwanga zilianza Rochford, Uingereza, mwaka 1956. Muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto juani. Mmoja akarudi umanjano umefifia, isipokuwa pale pembe ya shuka ilipomfunika.

Bilirubini, rangi ya manjano inayobaki chembe nyekundu za damu zikivunjika, ni jongoo aliyejikunja. Miguu yake, yaani sehemu zinazopenda maji, ameibana ndani ikashikana yenyewe kwa yenyewe. Maji hayana pa kumshika, basi hatoki mpaka ini limfungie kishikio, na ini la mtoto mchanga bado halijaizoea kazi hiyo. Jongoo wa shambani ukimgusa hujikunja. Huyu akiguswa na mwanga wa bluu hukunjuka! Kiungo kimoja karibu na mkia hupinduka, miguu inachomoza, maji yanamdaka, safari ya kwenda kwenye nyongo inaanza bila kungoja kishikio. Wengi hujikunja tena wakifika utumboni. Wapo waliogeuka umbo moja kwa moja, wasiojikunja tena: hao ni lumirubini, na ndio niwapendao.

Kupinduka huko huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde. Kinachokawia ni bilirubini kutoka damuni hadi ngozini, na ini kuwasafirisha waliokwisha kukunjuka. Ndiyo maana nusu saa ya kunyonya haiharibu kitu. Tena maziwa husukuma choo, waliojikunja upya wakatoka kabla hawajafyonzwa kurudi damuni.

Kwa hiyo mnyonyeshe kila saa 2 hadi 3, au mapema zaidi akitaka, na usimpe maji. Mfungue macho mtazamane. Ukimrudisha, viringisha kanga umzungushie ubavuni na miguuni ahisi ameshikwa, mikono ifike mdomoni, bila kumfunika. Akiwa kwenye taa za nguvu zaidi, muulize muuguzi kwanza. Kumwotesha jua nyumbani si badala ya taa. Choo kikiwa chepesi na cha kijani usishtuke. Badilisha nepi upesi tu, maana choo hicho hukera ngozi.