Jinsi Ukurasa wa Intaneti Ufikavyo Temeke

Watu wengi, waonapo maandishi na picha katika kioo cha simu, hudhani ya kuwa vitu hivyo vimo ndani ya simu tangu mwanzo. Sivyo. Ukurasa wa intaneti hukaa mbali, pengine ng'ambo ya bahari, nao huja kila uitwapo. Aliyebuni utaratibu huu mwaka 1989 ni Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi Geneva katika nchi ya Uswisi.

Tuseme mwanafunzi yuko Tandika, katika wilaya ya Temeke, naye ataka kusoma habari za kupatwa kwa mwezi. Huandika jina la ukurasa katika programu iitwayo kivinjari. Kazi ya kwanza ya kivinjari ni kuuliza njia. Mgeni atafutaye nyumba ya mtu huko Mbagala habishi kila mlango. Humwendea mjumbe, naye humwonyesha. Kadhalika ziko kompyuta ambazo kazi yao ni kujua majina. Zikiulizwa jina, hujibu kwa tarakimu, na tarakimu hizo ndizo anwani ya kompyuta iliyouhifadhi ukurasa. Kompyuta hiyo huitwa seva.

Anwani ikiisha kujulikana, kivinjari hupeleka ombi. Ombi huruka hewani kama mawimbi ya redio mpaka mnara wa simu ulio karibu, kisha hufuata waya hata kwa seva. Seva hujibu, lakini haiutumi ukurasa wote kwa pamoja. Huukata vipande vidogo, na kila kipande kwa kawaida hakizidi herufi 1,500 hivi, nacho kina anwani yake na nambari yake. Vipande vyaweza kupita njia mbalimbali, cha nyuma kikatangulia cha mbele. Simu huvipanga kwa nambari zake, na kama kimoja kimepotea njiani, seva hukituma tena hicho tu.

Maandishi hutangulia. Ndani yake kivinjari hukuta majina ya picha, nacho huomba kila picha peke yake. Ndiyo sababu waweza kusoma maneno hali mahali pa picha pangali peupe. Basi asiye na subira, aufunguaye ukurasa upya tena na tena, huivunja kazi iliyokwisha anza.

Njia kubwa ya vipande hivyo ni nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na mwanga hupita humo kilometa 200,000 hivi kwa sekunde moja. Waya wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010; zote mbili hufika Dar es Salaam.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 nyaya hizo mbili zilikatika baharini, karibu na pwani ya Afrika ya Kusini. Vipande vikalazimika kupita katika njia chache zilizobaki, vikasongamana. Katika Tanzania kurasa zikakawia, nyingine zisifunguke kabisa, na watu walioitegemea intaneti katika biashara na masomo wakapata taabu. Ikabidi nyaya zivutwe juu kutoka chini ya bahari na kuungwa.

Basi, ukurasa uufunguao kwa kidole kimoja hutegemea kazi ya wengi usiowaona. Ukipata humo jambo lifaalo, liandike daftarini leo. Maana waya waweza kukatika, bali daftari halingoji waya.